Baridi Yenye Daftari

Mwezi Juni 2018, kwenye maonyesho ya Computex mjini Taipei, kampuni ya Intel ilionyesha jukwaani kompyuta yenye prosesa ya kori 28, zote zikikimbia kwa gigahezi 5. Programu ya Cinebench R15, ambayo huipa prosesa picha nzito ya kuchora na kupima inavyoimaliza, ikatoa alama 7,334. Watu wakashangilia. Ambacho hakikutajwa kilikuwa chini ya meza: mtambo wa kupoza maji, Hailea HC-1000B, wenye nguvu ya farasi mmoja, wa jamii ile inayonunuliwa na wafugaji wa samaki wa mapambo ili matangi yao yasipate joto. Mipira minene iliyovikwa sponji ilipanda kutoka humo hadi kwenye prosesa. Waandishi wa habari za teknolojia waliugundua upesi, na baadaye kampuni ikaeleza kwamba aliyekuwa jukwaani alisahau kusema kuwa kasi ile ilikuwa ya kuongezwa. Prosesa yenyewe ilipoingia sokoni Januari 2019 kwa jina la Xeon W-3175X, kasi yake ya msingi iliandikwa gigahezi 3.1.

Wengi waliicheka Intel kwa ule mtambo. Mimi naona mtambo ulionewa. Kupoza prosesa kwa maji ya friji ni kazi halali, ngumu, na yenye mafundi wake wanaoijua kwa undani. Kilichokosekana Taipei ni kile ambacho fundi wa kazi hii hukiandika kabla hata hajaandika kasi: maji yalikuwa nyuzi ngapi, chumba kilikuwa nyuzi ngapi, na jaribio lilidumu muda gani. Ukiondoa hayo matatu, gigahezi 5 ni tangazo la biashara tu.

Joto lenyewe linatoka wapi? Ndani ya prosesa kuna mabilioni ya transista zinazojazwa umeme na kumwaga umeme kila mpigo wa saa. Ukiongeza mapigo, joto linaongezeka kwa kiwango kilekile. Ukiongeza volti, joto linaongezeka kwa mraba wa volti, na hapo ndipo mkoba unapotoboka. Chukua Core i9-9900K ya mwaka 2018, yenye kori nane, ambayo kiwandani hufika gigahezi 4.7 kori zote zikiwa kazini. Tuseme fundi anaitaka 5.2, na ili isigande inambidi apandishe umeme kutoka volti 1.20 hadi 1.35. Kasi imepanda kwa asilimia 11 hivi. Joto limepanda kwa asilimia 40. Hiyo ndiyo bei ya ovakloki, kama wenyewe wanavyoiita kazi hii ya kuikimbiza prosesa kupita kipimo cha kiwandani, na bei hiyo haina punguzo.

Zamani mambo yalikuwa mepesi zaidi. Wakongwe wanaikumbuka Celeron 300A ya 1998, prosesa ya bei ya chini iliyoruka kutoka megahezi 300 hadi 450 kwa kubadili tu mapigo ya ubao mama kutoka megahezi 66 hadi 100, ikiwa na feni ya kawaida kichwani. Nusu nzima ya kasi, bure! Siku hizi viwanda vimeshajikamulia wenyewe karibu kila kilichokuwamo, na fundi anabaki kugombania megahezi mia moja au mia mbili za mwisho. Ndiyo maana ustadi umehama kutoka kwenye kuthubutu ukaenda kwenye kupima.

Mfumo wa kawaida wa maji una pampu, kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, mipira, na rejeta yenye feni. Ndani ya kile kipande cha shaba mmechongwa mifereji myembamba sana, na maji yanapopita humo hubeba joto. Yanafaa kazi hiyo kwa sababu lita moja ya maji, kwa kupanda nyuzi moja tu, humeza joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa. Lakini mfumo huu una dari yake, au niseme sakafu yake: rejeta hupoza kwa hewa ya chumbani, kwa hiyo maji hayawezi kushuka chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 30, maji yatakuwa 30 na kitu, hata ukifunga feni ishirini.

Mtambo wa kupoza maji ndio unaovunja sakafu hiyo. Ni friji kamili: kompresa inasukuma gesi, gesi inapoa na kuwa kimiminika kwenye koili za nyuma, inabanwa kupita tundu jembamba, inatanuka, na inapotanuka inakuwa baridi na kunyonya joto la maji yanayoizunguka. Si jambo jipya. Kompyuta kubwa za mabenki na serikali zilipozwa kwa maji ya aina hii miongo mingi kabla vijana hawajaanza kuyaleta mezani. IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilikuwa na moduli zilizojazwa heliamu, kila moja ikibeba chipu zaidi ya mia, na kila chipu ikikandamizwa na pistoni yake ndogo yenye springi ili joto lipande hadi kwenye bamba linalopozwa kwa maji. Nikitazama picha za moduli ile naona heshima kubwa kwa tatizo dogo: namna ya kulishika joto vizuri kabla ya kufikiria namna ya kulitupa.

Sasa tufike kwenye umande, kwa sababu hapa ndipo fundi wa kweli hujitenga na mwenye pesa za kununua mtambo. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hutoka jasho, na kila mtu anajua jasho lile halikutoka ndani ya chupa. Ni mvuke wa hewani uliokutana na kitu baridi. Kipande cha shaba chenye maji ya nyuzi 10 ndani yake hufanya hivyohivyo, tofauti ikiwa kwamba chini yake kuna prosesa yenye nukta za umeme zaidi ya elfu moja, zimepangwa kwa nafasi isiyofika milimita moja kati ya nukta na nukta.

Fundi hulikabili jambo hili kwa hesabu. Kuna kanuni ya haraka inayofaa pale unyevu unapozidi nusu: toa unyevu wa hewa kwenye 100, gawa kwa 5, kisha punguza jibu hilo kwenye joto la chumba. Chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 kinapata umande kwenye nyuzi 25. Chumba cha Nairobi chenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 60 kinapata kwenye nyuzi 14. Mtu wa Nairobi anaweza kuyashusha maji yake hadi 15 na shaba ikabaki kavu kabisa. Mtu wa Dar akifanya hivyo bila kiyoyozi atakuwa na kidimbwi juu ya ubao mama kabla chai haijapoa. Vifaa ni vilevile, chipu ni ileile, na hewa peke yake imeshaamua nani apumue na nani ajihami.

Kujihami huko kuna mikono yake. Prosesa ikiwa bado haijawekwa, fundi hupaka vaselini au grisi isiyopitisha umeme kuzunguka soketi, wengine wakaijaza hata ndani ya soketi yenyewe, jambo linalomshtua kila anayeliona mara ya kwanza. Sehemu za karibu, pale penye vipande vidogo vya umeme, hupata rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja, linaachwa likauke, kisha la pili. Juu yake hukatwa sponji nyeusi, ileile ya mabomba ya viyoyozi, kwa umbo la kila kinachochomoza, ikabanwa pasibaki nafasi. Nyuma ya ubao mama nako hufanywa hivyo, kwa kuwa baridi hupenya ubao na kutokea upande wa pili ambako hakuna anayetazama. Adui hapa ni hewa. Penye pengo dogo lenye hewa, mvuke utaingia, utapoa na kuwa tone. Kwa hiyo kazi nzuri ya sponji haina mapengo, na unaitambua kwa kuibonyeza: haitoi sauti wala haihami.

Mipira nayo huvikwa, pamoja na tangi la maji na viungio. Nimeona mafundi wakisahau viungio, na maji yakatiririka taratibu juu ya mpira uliovikwa vizuri hadi kwenye kadi ya picha.

Yote hayo ni kabla ya kuwasha. Baada ya kuwasha, kinachofuata kwa mtazamaji kinachosha: hakuna kinachotokea. Fundi amekaa. Anatazama namba mbili tatu, anaandika, anatazama tena. Mtu anayetaka maonyesho ya moshi wa naitrojeni kimiminika ataondoka. Mimi hapo ndipo ninapovutiwa, kwa sababu kukaa kule ndiko kunakotenganisha kipimo na kubahatisha.

Fikiria tangi la maji ni ndoo ya lita 20 iliyopozwa vizuri kabla ya jaribio, na prosesa inayotoa wati 250. Hata ukizima friji kabisa, maji yale yatahitaji zaidi ya dakika tano na nusu ili yapande nyuzi moja. Jaribio la dakika kumi litayapandisha chini ya nyuzi mbili. Kwa maneno mengine, ukitaka kudanganya watu kwamba mtambo wako dhaifu unaimudu prosesa kubwa, tumia ndoo kubwa na jaribio fupi. Ndoo itakubebea uongo. Barafu hufanya vivyo hivyo: kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza wati hizo 250 kwa dakika 22 hivi, na kwa dakika hizo utaonekana bingwa. Fundi mwaminifu husubiri hadi joto linaloingia majini lilingane na linalotolewa na friji, mstari wa joto la maji ulale, ukae umelala, ndipo aanze kuhesabu muda wa jaribio. Na mstari haulali kabisa. Kidhibiti cha friji huwasha kompresa maji yakipanda kidogo na kuizima yakishuka, kwa hiyo mstari hupanda na kushuka kama msumeno. Asiyejua hilo atasoma kwenye kilele leo na kwenye bonde kesho, kisha atatangaza kwamba pesti mpya, ile inayopakwa kati ya prosesa na shaba, imempa nyuzi mbili.

Kitu kimoja huwashangaza wanaoanza. Wanapima maji yanayoingia kwenye shaba na yanayotoka, wakitarajia kuona moto ukitoka. Kwa mwendo wa lita nne kwa dakika, wati 250 hupandisha maji chini ya nyuzi moja. Prosesa inaungua nyuzi 70, maji yanapita sentimita moja juu yake, na yanatoka karibu kama yalivyoingia. Nyuzi zote zilizobaki zimepotelea njiani, kati ya silikoni na kifuniko cha chuma, kati ya kifuniko na pesti, kati ya pesti na shaba.

Tofauti hiyo kati ya kori na maji ndiyo fundi anayoitafuta. Joto la kori peke yake halimwambii kitu. Tuseme njia kutoka kori hadi majini inagharimu nyuzi 0.2 kwa kila wati. Kwa wati 250, kori itakuwa nyuzi 50 juu ya maji, maji yawe ya namna gani. Maji ya nyuzi 35 yatakupa kori ya 85. Maji ya 15 yatakupa 65. Friji imeteremsha sakafu, lakini urefu wa ngazi haujabadilika. Mtu anayelijua hilo hawezi kusema kwamba maji baridi yanaondoa joto "haraka zaidi". Atasema amepata nyuzi 20, kisha atakuonyesha amezitumiaje.

Na zinatumika. Transista ikipoa, umeme unaovuja kupitia kwake unapungua, kwa hiyo prosesa ileile, kwa kasi ileile na volti zilezile, inakula wati kadhaa zaidi ikiwa moto kuliko ikiwa baridi. Mita ya umeme inalionyesha wazi. Nyaya za shaba ndani ya chipu nazo hupunguza ukinzani wake kwa karibu asilimia 8 kila joto likishuka nyuzi 20. Mara nyingi fundi hugundua kwamba kasi iliyokuwa ikidai volti 1.35 sasa inaridhika na pungufu kidogo, na pungufu hiyo, kwa kuwa inakwenda kwa mraba, inarudisha joto zaidi chini. Anashusha volti hatua moja, anasubiri tena. Hashushi hatua tatu kwa pamoja, wala habadili kasi na volti siku moja. Kwanza kabisa alikwisha kupima chipu hiyohiyo kwa maji ya kawaida na kasi ya kiwandani, ili awe na pa kulinganishia.

Je, ni nani anayeamua kwamba prosesa imesimama imara? Cinebench haitoshi, ni mbio fupi. Mafundi wengi hutumia Prime95, na historia yake inanifurahisha. Haikuundwa kutesa prosesa. Ni programu ya mradi wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, unaotafuta namba tasa kubwa kupita kiasi kwa kutumia kompyuta za watu wa kujitolea. Hesabu hizo ni nzito, zinaijaza kila kona ya prosesa, na majibu ya mengi kati ya mahesabu hayo yanajulikana tayari. Kwa hiyo programu hugundua kosa ambalo mtu asingeliona: kompyuta haijazima, picha iko kwenye skrini, kipanya kinatembea, ila mahali fulani kori mojawapo imejumlisha vibaya. Ubora wake ulionekana Januari 2016, watafuta namba tasa walipogundua kwamba prosesa za Intel ziitwazo Skylake zilikuwa zikigandishwa na hesabu fulani hata zikiwa kwenye kasi ya kiwandani. Intel ilikiri na kutoa marekebisho kupitia bayosi, programu ya ndani ya ubao mama.

Ndiyo sababu fundi huiacha ikimbie kwa saa nyingi, na asubuhi hatazami kama kompyuta bado inawaka. Anatazama kama kuna kori iliyokosea. Akikuta kosa moja baada ya saa saba, kasi ile imeshindwa, hata kama ingependeza sana kwenye picha.

Sensa za ndani ya prosesa nazo hazisadikiwi moja kwa moja. Zimerekebishwa ziwe sahihi karibu na ukomo wa juu, pale prosesa inapotakiwa kujilinda, na kadiri unavyoshuka kwenye baridi ndivyo zinavyozidi kubuni. Chipu isiyo na kazi, kwenye maji ya nyuzi 15, inaweza kukuambia ina nyuzi 12, jambo lisilowezekana kimaumbile. Fundi hucheka, anaandika joto la maji kwa kipimajoto cha pembeni, na kuziamini sensa za ndani pale tu mzigo unapokuwa mkubwa.

Kuna mjadala kama haya yote yana maana. Mtambo unakula umeme wake, unanguruma, na kutema chumbani joto la prosesa pamoja na la kompresa yake, hivi kwamba wenye busara huuweka chumba cha pili na kutoboa ukuta. Wapo wanaosema afadhali kuifupisha ngazi: kubandua kifuniko cha prosesa na kubadili kilichomo ndani kwa metali kimiminika yenye galiamu, kama Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana kwa jina la der8auer, alivyowafundisha wengi. Wana hoja, hasa kwa prosesa nyingi za Intel za miaka iliyoitangulia 9900K, ambazo ndani zilikuwa na pesti badala ya lehemu. Kwa upande mwingine wako wanaopoza kwa heliamu kimiminika, walioivusha Core i9-13900K gigahezi 9 mwaka 2022. Ni mashujaa, sikatai, lakini kasi yao huishi kwa muda wa kuipiga picha. Maji baridi yanakaa katikati: yanatoa kasi ndogo ya ziada, na unaweza kufanyia kazi juu yake wiki nzima.

Kuzima nako kuna utaratibu. Anayezima kompyuta kwanza na kuacha friji ikiendelea ameyaacha maji yapoe bila mzigo, na shaba itavuka kipimo cha umande wakati yeye yuko mezani anakula. Kwa hiyo friji huzimwa kwanza. Prosesa huachwa ikifanya kazi, pampu ikizunguka, hadi maji yafikie joto la chumba na kila kilicholoa kikauke. Ndipo umeme unakatwa. Kompresa nayo haiwashwi tena papo hapo. Hupewa dakika kadhaa ili msukumo wa gesi ulingane pande zote mbili, la sivyo itajikaza na kuungua.

Kisha anafungua skrubu nne za kile kipande cha shaba na kukagua alama ya pesti: imesambaa sawasawa, au kona moja ilibaki kavu? Anaifuta yote kwa spiriti, anapaka upya, anafunga skrubu kwa kupishanisha pembe, nusu mzunguko kwa kila moja. Ufungaji mmoja hutofautiana na mwingine kwa nyuzi mbili au tatu, zaidi ya tofauti ya pesti nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa. Jaribio lote linaanza upya, kuanzia maji ya kawaida na kasi ya kiwandani, na ukurasa mpya wa daftari unaandikwa kwanza joto la chumba.